Kabla hujawasha trekta asubuhi

Wadogo zangu mnaoanza udereva wa trekta, nawaandikia hasa ninyi mtakaoingia mashamba ya Kiteto na Kongwa msimu huu. Kushika mstari na kugeuza mwisho wa shamba mtajua ndani ya wiki mbili. Kinachochukua miaka ni kuzoea kuinama kwenye mashine kila asubuhi huku mwenye shamba amesimama pembeni anakuharakisha kwa sababu mvua imeshanyesha. Mwambie kwa heshima, "Mzee, nipe robo saa." Usikubali akunyime.

Nimeendesha miaka 17, muda mwingi Massey Ferguson 290, na trekta ya kwanza kufa mikononi mwangu iliuawa na vumbi. Chujio la hewa nilikuwa nalisafisha vizuri. Ila mpira unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini ulikuwa umepasuka upande wa chini, ufa mwembamba usioonekana ukiwa umesimama. Hewa yenye vumbi ikawa inaingilia pale, chujio halina kazi tena. Tulilima ardhi kavu wiki tatu. Kwanza nguvu ikapungua mlimani, halafu moshi wa bluu, halafu ikawa inakula oili kila siku, na ukifungua kifuniko cha kuwekea oili unakuta injini inapumua kwa nguvu. Fundi alipoifungua, ringi za pistoni zilikuwa zimelika na kuta za silinda zina mikwaruzo. Msimu wa mwenye trekta ukaishia hapo, na wangu pia. Tangu hapo, kila asubuhi napitisha vidole kuuzunguka mpira ule wote, naukunja kidogo nione kama unafunguka, kisha nashika klipu zake moja moja.

Chujio lenyewe lipo la aina mbili. La bakuli la oili, fungua bakuli uangalie tope lililotulia chini. Likianza kuwa zito, mwaga, osha kwa dizeli, jaza oili mpya mpaka kwenye alama. Usizidishe alama, maana injini inaweza kuivuta oili ile na kuzunguka yenyewe bila kuzimika. La karatasi, usiligonge kwenye tairi kama nionavyo vijana wakifanya. Likikunjika kidogo tu halizuii vumbi tena. Lipulizie upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Na kile chujio kidogo cha ndani hakisafishwi, kinabadilishwa.

Oili ipime trekta ikiwa mahali tambarare na haijawashwa. Wengi wanaangalia tu kama imepungua. Nawaomba muogope zaidi ikiongezeka, kwa sababu oili haizaliwi ndani ya injini. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa nyepesi na inanuka dizeli, mara nyingi ngozi ya pampu ndogo ya kuvutia dizeli imetoboka na dizeli inashukia kwenye oili. Hapo usiwashe, ita fundi.

Maji ya rejeta angalia injini ikiwa baridi. Katikati yake, mbegu za majani hujaa mpaka hewa haipiti. Zitoe kwa kupuliza kutoka upande wa feni kwenda nje. Ikichemka shambani, usimwagie maji baridi wala usifungue kifuniko. Ondoa mzigo, iache iungurume taratibu kwanza, kisha izime ipoe. Silinda hedi nyingi zimepasuka kwa ndoo moja ya maji iliyoletwa kwa haraka.

Dizeli ya mapipa ndiyo itakayowatesa. Pipa likisimama nje, maji ya mvua hukaa juu ya kifuniko na kupenya. Lilaze likiwa limeinama kidogo, liache litulie, na kile cha chini kabisa usikivute. Tangi lijaze jioni, si asubuhi, ili ubaridi wa usiku usitengeneze matone ya maji ndani. Asubuhi fungua kikombe cha chini ya filta ya dizeli, maji yakitangulia kutoka utayaona yamejitenga.

Ukibadilisha filta ya dizeli au ukiishiwa mafuta, hewa inaingia na trekta haiwaki. Msikae mnapiga stata mpaka betri inakufa. Legeza skrubu ya juu ya filta, pampu kwa kile kimkono cha pampu ndogo mpaka povu liishe na dizeli itoke safi, funga. Fanya hivyo kwenye pampu ya noseli, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye noseli, yaani vinyunyizio vya dizeli kwenye injini. Kisha legeza nati za mabomba mawili kwenye noseli, piga stata kidogo mpaka dizeli iruke, kaza. Kimkono kikiwa kilegevu na hakisukumi kitu, usidhani pampu imekufa: zungusha injini kidogo tu, kitashika. Na usiweke kidole mbele ya noseli inayopiga. Dizeli ile inapenya ngozi.

Grisi ni kila siku, kuanzia pini ya katikati ya ekseli ya mbele, ndiyo inayosahaulika. Futa nipo, kile kichwa kidogo cha kupitishia grisi, kwanza kwa kitambaa, la sivyo unasukuma mchanga ndani. Krachi, toa mguu juu yake ukishaingiza gia. Kabla ya kuingia barabarani, unganisha pedali zote mbili za breki ziwe moja. Ukikanyaga moja ukiwa na mwendo, trekta inageuka na kupinduka. Na hata kama swichi imeharibika, usiwashe kwa kugusisha bisibisi kwenye stata ukiwa umesimama mbele ya tairi la nyuma. Ikiwa kwenye gia, inakupitia juu.

Oili ya injini na filta yake, fuata kitabu cha trekta yako. Nyingi ni kila saa 250, lakini kwa vumbi letu mimi namwaga mapema. Trekta nyingi za mtumba geji ya saa haifanyi kazi. Nunua daftari, liweke chini ya kiti kwenye mfuko wa nailoni, na kila jioni andika umelima kwa muda wa saa ngapi na umeongeza oili kiasi gani. Fundi akija, kitu cha kwanza mpe daftari hilo.