Mtoto Uliyemwacha Mwaka Jana, Mwangalie Tena

Kila Januari shule zikifunguliwa, simu yangu hujaa ujumbe wa wazazi. "Kocha, majaribio lini?" Nafundisha mpira watoto wa chini ya miaka 13 hapa Tanga, upande wa Makorora, na huu ni mwaka wangu wa kumi na nne. Zamani nilikuwa nataja tarehe moja. Siku hizi nawajibu: mlete Jumamosi hii, mlete na ijayo, kisha nataka nimwone tena baada ya masika.

Wengine hukasirika, hudhani nawazungusha. Naandika haya kwa ajili yao, na kwa makocha wenzangu wa mitaani ambao bado wanafanya kama nilivyofanya mimi kwa miaka minane ya mwanzo.

Tulikuwa tunafanya hivi. Watoto zaidi ya themanini, uwanja mmoja, makocha watatu, daftari moja. Tunawagawa kumi na moja kumi na moja, kila mechi dakika ishirini, jua la saa nne likiwaka. Ndani ya dakika hizo kiungo mfupi anaweza kuugusa mpira mara nne tu. Mwenye miguu mirefu anaukimbilia, anawaacha wenzake, anafunga, jina linaandikwa. Adhuhuri ikiadhiniwa tumeshapata ishirini na wawili, na waliobaki wanaondoka na baiskeli zao kurudi Ngamiani, Chumbageni, Mwanzange. Hatukuwaandika popote. Ilikuwa kama hawakuja.

Aliyenishtua ni mpwa wangu anayeishi Buffalo, Marekani. Kule watu wana wazimu na mpira wa magongo, yaani hoki, wa barafuni. Sisi tunaujua ule wa kwenye majani, ambao Tanzania ilikwenda nao Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Wa barafuni wanavaa viatu vyenye makali chini, na badala ya mpira wanapiga kisahani kigumu cheusi. Ligi yao kubwa, NHL, ina timu 32, na kila mwaka tangu 1963 timu hukaa na kuchagua vijana kwa zamu, mmoja mmoja, wengi wao wakiwa na miaka 18.

"Mjomba," aliniambia siku moja kwenye simu, "huku kila kijana ana namba aliyochaguliwa nayo. Miaka ishirini baadaye mtu anaweza kufungua kitabu akaona nani alikosea."

Neno hilo lilinikaa. Mimi nikimwacha mtoto, hakuna kitabu. Kosa langu linaondoka na yule mtoto, na mimi naendelea kujiona nina jicho. Wale wenzetu wanaweza kukosea kuliko sisi, lakini wanakosea kwa maandishi, na maandishi hayo yamewafundisha mambo ambayo nami nimeyachukua.

La kwanza ni mwezi wa kuzaliwa, na hapa naomba msomaji atulie kidogo. Mwaka 1985 mtafiti Roger Barnsley na wenzake walichapisha walichokiona Kanada: katika wachezaji wa hoki wa ngazi za juu, waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi kuliko waliozaliwa mwishoni. Sababu yake ni kalenda. Watoto wanapangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia Januari mosi. Wa Januari na wa Desemba wanaingia kundi moja, ilhali mmoja amemtangulia mwenzake karibu mwaka mzima. Kwa mtu mzima mwaka si kitu. Kwa mtoto wa miaka kumi ni kimo, ni pumzi, ni nguvu za mguu. Mkubwa anachaguliwa, anapata kocha, anapata mechi, na ukimtazama baada ya miaka mitatu kweli amemzidi mwenzake, kwa sababu sisi ndio tuliomzidishia.

Mwaka 2013 watafiti wengine walipitia majina ya Wakanada waliochaguliwa NHL kuanzia 1980 hadi 2006. Wa Januari hadi Machi walikuwa asilimia 36, wa Oktoba hadi Desemba asilimia 14.5. Kisha wakafuatilia walivyocheza baadaye, wakakuta wale wa mwisho wa mwaka walifanya makubwa kuliko namba walizochaguliwa nazo. Yaani skauti, watafuta vipaji wanaolipwa, wanaozunguka nchi kwa ndege, walikuwa wanadanganywa na kimo kama mimi pale Makorora.

Nilipolisikia hilo nikatoa madaftari yangu ya zamani chini ya kitanda, nikaanza kutafuta tarehe. Zaidi ya nusu ya niliowachukua walizaliwa kabla ya mwezi wa tano. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa namkumbuka mtoto mmoja wa Desemba, mwembamba, mguu wa kushoto, aliyekuja miaka mitatu mfululizo na mara zote tatu nikamrudisha. Mara ya nne hakuja. Nilikutana naye amekwisha kuwa kijana, soko la samaki Deep Sea, anabeba matenga ya dagaa. Alinisalimu kwa heshima, "Shikamoo kocha." Jioni ile nilikwenda kumtazama kwenye ndondo. Pasi zake zilikuwa zinapita mahali ambapo wengine hawaoni njia. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kukaba.

Kwa hiyo kocha mwenzangu, andika mwezi wa kuzaliwa mbele ya kila jina. Usimuulize mtoto, mwombe mama kadi ya kliniki. Na Jumamosi moja kila mwezi wagawe kwa miezi: wa Januari hadi Juni wacheze wenyewe, wa Julai hadi Desemba wacheze wenyewe. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, mtoto ambaye siku zote alikuwa kama hayupo uwanjani alidai mpira kwa sauti. Sikuwa nimewahi kuisikia sauti yake.

Wazazi nanyi, nawasihi, msipunguze umri wa mtoto. Najua wapo wanaowashauri hivyo. FIFA ilianza kupima mifupa ya mkono kwa mashine kwenye Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 mwaka 2009, na mtoto akikwama hapo anakwama mbele ya nchi nzima. Lakini hata asipopimwa kamwe, mtoto wa miaka 15 anayecheza na wa 12 hajifunzi lolote zaidi ya kuwasukuma.

Nije kwenye video, maana sasa kila mzazi ana simu. Ile timu ya Buffalo anayoipenda mpwa wangu, Sabres, iliwahi kupunguza skauti wake na kuegemea video katikati ya miaka ya 2000. Halafu Juni 2020, corona imesimamisha mambo, ikamwondoa meneja mkuu pamoja na skauti wengi kwa siku moja. Msimu uliofuata ligi ya vijana ya Ontario haikuchezwa kabisa, ikawa vijana wa miaka 17 hawana mechi za kutazamwa. Dunia nzima ya hoki ikakaa mbele ya skrini.

Mimi video naipenda na naitumia, ila kwa kumrudia mtoto niliyekwisha kumwona kwa macho. Simu hufuata mpira, na mambo ninayoyatafuta yako mbali na mpira. Akipokonywa, anarudi au anashika kiuno? Kabla pasi haijamfikia, amegeuza shingo kuangalia nyuma? Golikipa wake akifungwa kizembe, anamwambia nini? Ukitaka kunitumia video, panda mahali pa juu, laza simu, uchukue nusu ya uwanja bila kuufukuza mpira. Dakika kumi bila kukata. Usiweke muziki. Taja rangi ya jezi mwanzoni, na zile pasi alizoharibu ziache zilivyo, ndizo zinazoniambia zaidi.

Kuna kisa cha Detroit, timu nyingine ya NHL, ninachowasimulia makocha wote ninaokutana nao Mkwakwani. Skauti wao wa Ulaya, Håkan Andersson, alikwenda Urusi kumtazama kijana mwingine kabisa. Macho yake yakamwangukia kijana mdogo wa umbo, Pavel Datsyuk, ambaye timu zote zilimruka mwaka 1996 na zikamruka tena 1997. Detroit ikamchukua 1998 akiwa wa 171. Mwaka uliofuata wakamchukua Henrik Zetterberg, wa 210, yeye naye alionekana skauti wakiwa wamekwenda kumtazama mwingine. Mwaka 2008 hao wawili walibeba kombe la ligi hiyo pamoja. Nikienda kuangalia mtoto niliyeambiwa habari zake, siku hizi namtazama kipindi cha kwanza tu. Kipindi cha pili namtafuta yule anayemlisha pasi.

Halafu tuache kudhani macho ni ya makocha peke yetu. Seattle, timu mpya ya ligi ileile, ilipokuwa haijacheza hata mechi moja, ilimwajiri Cammi Granato mwaka 2019, bingwa wa Olimpiki wa 1998, akawa skauti wa kwanza mwanamke wa wachezaji wa kulipwa katika NHL. Pale kwetu yupo mama anayeuza bajia na kachori pembeni ya uwanja. Anawaona watoto kila siku, mimi nawaona mara mbili kwa wiki. Anajua nani huja mapema kutandaza mawe ya goli, nani hucheza chandimu peke yake mpaka magharibi, nani amekuja na njaa na ndiyo sababu hakimbii leo. Watatu kati ya watoto nilio nao sasa amenionyesha yeye.

Mtu akikuomba pesa ya fomu, ya nauli au ya "kumwona mwalimu" ili mwanao afanyiwe majaribio, kaa nayo mfukoni. Jirani yangu aliuza mbuzi wawili, na simu ya yule bwana haijapokelewa mpaka leo.

Mwisho nieleze ninavyofanya kwa wanaobaki nje, kwa sababu ndio wengi. Nina daftari la pili, la rangi ya bluu. Kila niliyemrudisha nyumbani naandika jina lake, mwezi wake, kimo chake siku ile, jambo moja alilolifanya vizuri, na tarehe ya kumwangalia tena, isiyozidi miezi sita. Tarehe hiyo namwandikia na yeye kwenye karatasi, ampelekee mama. Ikifika na hakutokea, nachukua baiskeli nakwenda mpaka kwao. Jumamosi hii nina majina saba. Wawili wanakaa Duga, mmoja Sahare, na yule wa Mikanjuni mama yake ameniambia amerefuka mpaka suruali ya shule haimfai.