Uzi wa kwanza hukatika Jumamosi jioni

Nauza magitaa na nyuzi zake hapa Lubumbashi, Kongo, katika komini (sehemu ya mji) iitwayo Kenya. Kama nawe una duka dogo la vitu vya kujiburudisha, iwe ala za muziki, nyuzi za kufuma au rangi za kuchorea, bila shaka mteja ameshakuonyesha simu yake: "Baba, ona, China wanauza nusu ya bei yako." Na huwa kweli. Mara nyingine bei hiyo iko chini hata ya ile niliyonunulia mimi kwa jumla.

Mwanzoni nilishusha bei. Nilishusha mpaka kodi ya duka nikawa nailipa kwa pesa ya unga wa watoto. Usifanye hivyo. Mtaji wako utakwisha kabla muuzaji wa ng'ambo hajajua kwamba upo.

Kosa lililoniuma zaidi ni jingine. Kijana wa kwaya moja ya Katuba aliniletea gitaa aliloagiza ng'ambo. Lilikuwa la nyuzi za nailoni, naye alilifunga za chuma. Nyuzi sita za chuma huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, karibu maradufu ya nailoni, na kile kibao kinachoshika nyuzi tumboni mwa gitaa kilikuwa kimebanduka na vibanzi vya mbao. Nikamwambia, "Mrudishie aliyekuuzia." Akalifunga tena kwenye kitenge, akasema, "Aksanti, baba," akaenda. Hakurudi, na wenzake wa kwaya hawakurudi.

Leo gitaa la ng'ambo nalipokea kwa mikono miwili. Nabandika kibao kwa gundi ya mbao, nakibana usiku kucha, narekebisha urefu wa nyuzi. Bei ya kazi nimeiandika kwenye ubao mlangoni, mbali na bei ya vitu. Hapo ndipo riziki ilipo, kwa sababu muuzaji wa mbali hakijui kiangazi chetu. Kuanzia Mei hewa inakauka, mbao zinasinyaa, na vile vyuma vidogo vya shingoni vinatokeza ncha zake. Mpitishe mteja kidole hapo, ataona mwenyewe. Mimi humpa kijisanduku cha sabuni nilichokitoboa, ndani mna sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa sana, akiweke kwenye mfuko wa gitaa mpaka mvua zirudi.

Fanya naye hesabu kwa ukweli: bei ya kwenye simu, usafiri kwa kilo, forodha ya Kasumbalesa mpakani na Zambia, majuma ya kungoja. Ikiwa kuagiza bado ni nafuu, mwambie aagize. Nyuzi atakuja kununua kwako.

Anayenunua gitaa kwangu namfundisha nusu saa kupiga kwa kidole gumba na cha shahada, kama alivyopiga mpiga gitaa wetu Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Vijana wengi hawajui kwamba mchezo huo ni wa kwetu, na uso wa anayeupata kwa mara ya kwanza ni kitu cha kutazama.

Tena uza kimoja kimoja. Pakiti ina nyuzi sita, lakini unaokatika zaidi ni ule wa kwanza, mwembamba, na mara nyingi ni Jumamosi jioni kwaya zikiwa mazoezini. Anayepiga ibadani kesho yake hawezi kungoja meli. Siku hiyo nafunga saa mbili usiku, na droo ya uzi wa kwanza naijaza kabla ya nyingine zote.