"Haujatumika" si "hautumiki"

SWALI: Natafsiri maelezo ya kompaila, ile programu inayogeuza msimbo (maagizo aliyoandika mtunzi wa programu) kuwa lugha ya mashine. Niandike kwamba huondoa "msimbo ambao haujatumika" au "msimbo usiotumika"? Mwenzangu kazini anasema ni yale yale.

JIBU: Si yale yale, ndugu yangu, na mwambie hivyo leo. Hiyo -ja- inaniudhi kila siku, kwa jinsi inavyopachikwa popote penye ukanushi. Kazi yake inajulikana: jambo halijatokea, ila bado latazamiwa. Padri wa Kikatoliki haoi. Ukisema hajaoa, umeshamfungulia mlango wa posa, na waumini wataanza kuulizana binti ni wa nani. Mwongeze "bado", padri bado hajaoa, na hapo ukumbi wa harusi umeshalipiwa! Herufi mbili tu zimemtoa mtu kwenye nadhiri.

Sasa tazama programu yako. Ina fankisheni, yaani kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina lake, ya kushughulikia diski iliyojaa. Diski haijajaa hata siku moja, kwa hiyo msimbo ule haujatumika. Je, huondolewa? Hauondolewi, na ole wake atakayeuondoa, kwa sababu siku diski ikijaa ndio utakaookoa data za watu. Kinachoondolewa ni kile kisicho na njia ya kukifikia: mstari uliokaa chini ya "return" (amri ya kutoka kwenye fankisheni) pasipo mlango mwingine, au fankisheni isiyoitwa popote. Kompaila ya lugha ya C hushika faili moja moja, hivyo haiwezi kuapa kwamba fankisheni iliyo wazi kwa faili nyingine haiitwi huko, basi huiacha. Linka, programu inayounganisha faili hizo ziwe programu moja, ndiyo inayoziona zote. Ukitumia GCC, mojawapo ya kompaila za C, na swichi ya -ffunction-sections, kila fankisheni huwekwa katika sehemu yake. Kisha linka, ikipewa --gc-sections, huanzia pale programu inapoanzia, hufuata kila rejeo, na sehemu isiyofikiwa huachwa nje. Ndivyo faili la programu linavyopungua. Kipi kimewahi kutumika na kipi bado, linka haijui wala haiulizi, maana haiiendeshi programu hata kidogo.

Kwa msimbo wa namna hiyo mimi nasema "usiofikika". Ile -ik- hueleza kinachowezekana na kisichowezekana: barabara haipitiki, mlango haufunguki. "Usiotumika" nalo linapita. Limetoka kwenye -tuma, ukoo mmoja na mtumishi na mtumwa, na kila msomaji atakuelewa. "Msimbo mfu" silikatai, kwani lugha mfu tunazo tangu zamani. Tena linafaa zaidi kwa hesabu inayofikika vizuri na kufanywa, lakini jibu lake halisomwi na yeyote. Hiyo nayo kompaila huifuta. "Ambao hautumiki" ni sahihi, ila ni refu bila sababu, nami nimechoka kuligombania.

Lakini "haujatumika" lifute, ndugu yangu, kabla maelezo hayajachapishwa.