Kikundi cha matembezi Pemba wiki ya Sabasaba: msiiweke Misali siku ya mwisho!

Kaka, futa hiyo siku ya nne. Ifute kwanza, kabla hujamtumia mtu hela ya tiketi, ndipo uendelee kusoma.

Ratiba yako nimeisoma nikashika kichwa. Kikundi cha matembezi kutoka Morogoro, watu 16, mnakuja Pemba kwa Sabasaba. Siku ya kwanza msitu wa Ngezi na Ras Kigomasha, ya pili popo wa Kidike na magofu ya Pujini, ya tatu vilima vya karafuu. Ya nne ndiyo iliyonitoa jasho: asubuhi kisiwa cha Misali, alasiri mkimbilie bandari ya Mkoani mpande boti, kesho yake kila mtu kazini. Halafu unachouliza ni koti la mvua, aina ya viatu, mlale Chake au Wete, bei za chakula, na kama Ngezi kuna nyoka. Upepo hukuutaja hata kwa bahati mbaya.

Hiyo ratiba naijua, kaka. Mpangilio ni uleule na maneno ni yaleyale, mpaka hilo la "kuogelea na kupumzika hadi saa nane mchana". Kumbe bado inazunguka mitandaoni! Mimi ni katibu wa kikundi cha mazoezi hapa Unguja, tuko miongoni mwa wale wanaokuamsheni na filimbi alfajiri Jumapili, na karatasi kama hiyo tuliuziwa na mratibu mmoja wa safari. Simtaji jina, nisije nikaitwa barazani kwa sheha. Ila kama aliyekuuzia wewe anamaliza kila sentensi kwa "msijali", basi ni yeye au mdogo wake.

Alituambia hivi: mwezi wa saba masika yamekwisha, kwa hiyo bahari imelala. Nusu ya kwanza ni kweli. Mvua kubwa za masika ni Machi hadi Mei, na mkija Julai mtakuta manyunyu ya hapa na pale, maana Pemba hupata mvua kuliko Unguja. Nusu ya pili ni uongo mtupu. Julai ndiyo kusi lenyewe, upepo unatoka kusini na kusini-mashariki na haumwombi mtu ruhusa. MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar, kwa upepo na mawimbi. Julai, kaka. Mtu anayekuambia Julai bahari imelala, muulize imelala wapi.

Sasa sikiliza yaliyotukuta.

Asubuhi ile bandarini Wesha, karibu na Chake, palikuwa pametulia, maji yanang'aa, hata bendera za vyombo zimenyong'onyea. Nahodha, mzee wa pale pale, akatazama kusini kitambo, akasema, "Twendeni, ila saa tano muwe mmeshapanda." Tukacheka kimoyomoyo. Saa tano! Karatasi inasema saa nane, na karatasi ina muhuri. Mzee hana muhuri.

Misali iko magharibi ya Chake, kama kilomita 10 kutoka pwani. Ni kisiwa kidogo cha hifadhi, hakina mji wala duka, kina walinzi na wavuvi wanaopiga dago tu, yaani kambi ya muda ya kuvua. Ni pazuri, hilo sikatai. Ufukwe wa magharibi ndiko kasa wanakotagia, na njia za msituni ni fupi lakini zinafaa sana kwa watembeaji. Na huo uzuri ndio uliotuponza. Saa tano ilipofika, nusu ya kikundi walikuwa upande wa pili wanapigana picha, na Mwenyekiti anasema tumalize mzunguko kwanza, hatukuja kukaa. Nahodha akapiga mbinja. Akapiga tena. Mpaka tunakusanyika ilikuwa inakaribia saa saba, na huko nje mawimbi yameshaanza kuvunjika meupe.

Elewa hapo, maana ndipo akili za watu wa bara zinapoachana na bahari. Kutoka Wesha kwenda Misali unaelekea magharibi. Kurudi unaelekea mashariki, na kusi linakuja upande huohuo kwa pembeni. Kwenda umesukumwa, kurudi unapigwa usoni. Na desturi yake katika miezi hii asubuhi hutulia, jua likipanda na upepo nao unapanda. Kwa hiyo safari ngumu unaifanya saa mbaya. Mratibu wetu yeye aliipanga kwa kuangalia saa ya boti ya Mkoani, akahesabu kurudi nyuma, akaweka saa nane, akagonga muhuri.

Mzee akasema, "Leo hakwendeki tena."

Mwenyekiti, aliyestaafu kazi ya kuamrisha watu, akatoa karatasi akamwonyesha. Mzee akaisoma yote kwa adabu, akaikunja, akamrudishia. "Mwenyekiti, upepo haujui kusoma."

Mimi nikaona nisaidie. Nikamvuta pembeni nikamwambia mzee wangu, tutaongeza kitu. Akanitazama kama mtoto aliyeomba kisu. Akaniuliza, "Mwanangu, hizo pesa nitazitumia wapi, chini?" Nikarudi kukaa kwenye mchanga na simu yangu isiyo na mtandao.

Tukalala palepale. Walinzi walituona tulivyo wakaturuhusu, na wavuvi wa dago wakatupokea kwa muhogo na samaki wa chukuchuku, Mungu awape kheri. Maji ya kunywa hawana kisima pale, ni yale waliyokuja nayo kwenye madumu. Sisi tulikuja na vichupa vya kuweka mkononi upendeze kwenye picha. Watu wanaokimbia kilomita kumi kila Jumapili wakawa wanapimiana maji kwa kifuniko. Usiku wa manane mvua ikashuka, kali lakini fupi, na hapo ndipo nilipokumbuka kuwa makoti ya mvua tulikuwa nayo wote, mazuri kabisa, yamekunjwa vizuri kwenye mabegi, gesti, Chake.

Alfajiri upepo ukalegea tukavuka. Boti yetu ilishaondoka jana yake. Na boti ya Pemba si ya Dar, kwamba ukikosa ya asubuhi unapanda ya mchana. Tukaambiwa tiketi ni za jana, mmechelewa wenyewe. Tukapanga foleni ya safari inayofuata, halafu ikatoka tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, ile unayoisikia redioni, upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, na chombo hakikuondoka. Sikuwalaumu. Aliyeishi visiwani Septemba 2011, Spice Islander ilipozama njia hiihii ya Pemba, hawezi kuwalaumu wanaozuia chombo. Namlaumu aliyetupanga tufike bandarini bila hata siku moja ya akiba.

Vyumba vyetu vilishachukuliwa. Tukagawanywa kwenye gesti za mji mzima kama karata. Ndege ni ndogo na viti vya wiki ya sikukuu huisha mapema, wachache waliopata walilipa bei ambayo sitaiandika hapa kwa sababu mume wangu anasoma uzi huu. Ukijumlisha yote, tulitumia karibu mara mbili ya tulichochanga. Mwenzetu wa benki akapewa barua ya kujieleza, akaandika "upepo", wakamwambia aandike vizuri. Hilo tunacheka. La mwenzetu mwingine hatucheki: alikuwa awahi ndoa ya mdogo wake, yeye ndiye walii wa kumwozesha, baba yao ni marehemu. Ilibidi ampe mtu uwakilishi kwa simu, amwozeshe badala yake. Hajarudi kwenye mazoezi, na mimi nikimwona sokoni Darajani nabadilisha njia.

Nilipompata mratibu kwenye simu akaniambia, "Dada, bahari ni kudra ya Mungu." Kudra gani hiyo inayochapwa kwa kompyuta ikagongwa muhuri? Baadaye nikasikia kwamba Pemba yenyewe hajawahi kulala hata usiku mmoja, anauza tu picha za watu.

Basi shika hili moja, mengine yote ukiyasahau sawa: BAHARI KWANZA, MIGUU BAADAYE. Safari yoyote ya kuvuka maji iweke siku ya mwanzo kabisa mnayoiweza, na kati ya mvuko wa mwisho na boti ya kurudi pawe na siku tupu.

Sababu yake ni hii. Matembezi yanavumilia hali ya hewa. Mvua ikinyesha Ngezi mnalowa, mnaendelea, na chini ya miti ile mikubwa hata upepo hamuusikii. Chombo hakivumilii. Sasa ukiiweka Misali siku ya kwanza na nahodha akasema hakwendeki, una siku ya pili. Ikikataa ya pili, una ya tatu, na katikati hapo mnatembea vilima vyenu bila kupoteza kitu. Ukiiweka mwisho huna pa kusogea, na mtu asiye na pa kusogea ndiye anayemwongezea nahodha pesa ili wafe wote. Najua ninachosema.

Kwa hiyo ratiba yako iwe hivi. Mkishuka Mkoani nendeni moja kwa moja Chake mlale, msijitie kwenda Ngezi siku hiyohiyo, maana Kigomasha ni kaskazini kabisa na Mkoani ni kusini, na kisiwa kina urefu wa kilomita 67 hivi. Jioni hiyo tafuteni nahodha, si mtu anayemjua nahodha. Muulize yeye, siyo simu yako, kesho kunakwendeka? Na muulize mwezi wa angani una siku ngapi, kwa sababu siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hutoka mbali sana na kupanda chombo kunakuwa kutembea juu ya matumbawe. Alfajiri mkipewa ruhusa, nendeni. Akisema saa tano, ni saa nne na nusu. Kila mtu na maji yake ya siku nzima na usiku, na koti liwe mgongoni, si gesti!

Ngezi, ufukwe wa Vumawimbi na mnara wa taa wa Kigomasha pangeni kwa siku ambayo bahari imekataa au siku inayofuata. Kidike na vilima vya karafuu popote pale. Hapo kwenye karafuu nikupe dawa bora kuliko programu ya simu: angalia majamvi. Msimu ukiwa umeingia utakuta karafuu zimeanikwa kila uwanja. Ukiona kina mama wanatoka mbio kuzikunja na wewe bado unaona jua, vaa koti usiulize. Mimi niliuliza, nikajibiwa na mvua yenyewe.

Viatu: vile vilima udongo wake ukilowa unateleza vibaya, raba zenye meno. Yeboyebo ni za kuoga.

Siku ya mwisho Pujini inatosha, ni kutembea kidogo, kisha mshuke Mkoani mapema mkakae. Na boti yenyewe, ile njia ya kurudi Unguja mnakwenda kusini, yaani mnalikabili kusi uso kwa uso, na maeneo ya Nungwi mtajua kwa nini wenyeji hukaa kimya wakifika pale. Wanaotapika wale kidogo na mapema. Mwenyekiti wetu alisema yeye hatapiki. Nimehifadhi video.

Kama kikundi hakiwezi kuongeza siku ya akiba kwa sababu ya kazi, basi ondoeni Misali kabisa safari hii. Mje tena mwezi wa tisa au wa kumi, wakati wa demani, kusi limechoka na bahari inaongea na watu. Msije Aprili mkidhani mmelikwepa, huko ni tangambili, upepo haujaamua unatoka wapi na masika juu yake.

Na ukiona mmoja wenu anaanza kusema "lakini karatasi inasema", mnyang'anyeni karatasi.

Tiketi za Sabasaba huisha mapema. Kabadilishe tarehe ya kurudi leo, isogeze mbele siku moja, halafu waambie kazini kabla ya safari. Barua ya kujieleza haikubali neno "upepo".