Siku mbili Udzungwa na familia: Sanje ipewe asubuhi yake

Ndugu yetu ameeleza kwamba anaishi Dar es Salaam, ana watoto wawili wa miaka tisa na kumi na mitatu, ana gari dogo, na angependa kutumia Jumamosi na Jumapili kuona Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa pamoja na Mikumi katika safari moja. Nimekuwa nikienda Mang'ula, penye lango na makao makuu ya Udzungwa, tangu enzi ambazo barabara kutoka Kidatu ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na kwa uzoefu huo ninamjibu hivi: muda huo unaitosha Udzungwa, lakini kwa sharti kwamba Mikumi itazamwe kupitia dirishani tu, na kwamba maporomoko ya Sanje yapewe asubuhi nzima ambayo haikutanguliwa na safari ndefu wala haifuatwi na safari ndefu.

Wengi hupanga safari hii kana kwamba wanakwenda kwenye mbuga ya kuzunguka kwa gari. Udzungwa, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1992 na yenye eneo la kilomita za mraba 1,990, haina barabara za watalii ndani yake. Kila utakachokiona utakifikia kwa miguu, ukiongozwa na mwongozaji, na kwenye njia nyingine ukisindikizwa na askari mwenye silaha. Kwa hiyo kinachopangwa hapa ni nguvu za miguu, na hasa miguu ya mtoto wa miaka tisa, ambayo baada ya kukaa garini siku nzima haiwezi kudaiwa mlima asubuhi inayofuata kabla ya kulala vizuri.

Kwa sababu hiyo ningeomba ruhusa kazini siku ya Ijumaa, hata kama ni ya nusu siku. Njia ni ile ya Chalinze na Morogoro hadi mji wa Mikumi, ambako unaiacha barabara kuu ya kwenda Iringa na kushika ile ya Ifakara kupitia Kidatu. Kutoka hapo Mang'ula iko kilomita zipatazo sitini, na lami sasa imefika, hivyo gari dogo halina shida. Ukijumlisha foleni za kutoka mjini, malori ya Chalinze na kusimama kula, hesabu saa saba hadi nane. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi barabara kuu inapita kwa takriban kilomita hamsini, na hapo twiga, pundamilia na nyani huonekana bila kutafutwa. Tii vibao vya mwendo, usishuke garini, na usikipite kipande hicho usiku, kwa kuwa wanyama huvuka ovyo na anayemgonga hutozwa faini. Watoto watakuwa wameiona Mikumi kwa kiasi kinachotosha safari hii. Mzunguko kamili wa mbuga ungekula asubuhi ambayo Sanje inaihitaji.

Asiye na gari anaweza kupanda treni ya SGR hadi Morogoro, mwendo usiofika saa mbili kwa treni ya haraka, kisha akachukua basi la Ifakara katika stendi ya Msamvu. Reli ya TAZARA nayo inapita Mang'ula, na mandhari yake ni ya kupendeza mno, lakini mwenye siku mbili asiifungamanishe na ratiba yake.

Laleni Mang'ula Ijumaa. Zipo nyumba za wageni za bei mbalimbali karibu na lango, na mwenye hema anaweza kupiga kambi. Hakikisheni chandarua hakina matundu, maana bonde la Kilombero lina mbu wengi, na si ajabu kwamba utafiti mwingi wa malaria nchini umefanyika Ifakara, hapo jirani tu.

Jumamosi muwe langoni linapofunguliwa. Malipo hufanywa kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo hakikisha simu ina salio na chaji, na uwe na kitambulisho cha taifa ili utozwe kiwango cha raia. Jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi ni kwamba njia ya Sanje haianzii langoni: mkishalipa na kupewa mwongozaji, mnarudi barabarani na kwenda kijiji cha Sanje, umbali wa kama kilomita kumi upande wa Kidatu, na mwongozaji anahitaji nafasi garini. Kama gari lenu limejaa mizigo, iacheni nyumba ya wageni.

Maporomoko yenyewe yanashuka jumla ya mita 170 kwa ngazi tatu. Mzunguko wake huchukua takriban saa nne kwa watu wazima wanaotembea kwa utulivu. Kwa familia yako mimi ningetenga saa sita, kwa sababu mtoto atasimama kwenye kila mdudu, na ni haki yake. Anzeni kabla ya saa tatu asubuhi, kwani sehemu ya chini ya msitu ina joto zito lenye unyevunyevu, na mpando ni mkali. Juu mnapumzika kwenye maji huku mashamba ya miwa ya Kilombero yametandazwa chini yenu hadi upeo wa macho. Mwongozaji ndiye ataonyesha kidimbwi kinachofaa kuoga. Penye mwamba wenye ukoga wa kijani karibu na ukingo, mshike mdogo mkono bila mjadala. Chukueni maji lita mbili kwa kila mtu, viatu vyenye meno, soksi ndefu za kuchomekea suruali kwa ajili ya siafu, na chapati na mayai ya kuchemsha kutoka Mang'ula. Msitumie mifuko ya plastiki, ambayo imepigwa marufuku nchini tangu 2019.

Kuhusu wanyama, mtarajie nyani na jamaa zake kuliko tembo, ingawa kinyesi cha tembo mtakikuta njiani. Mbega mwekundu wa Udzungwa, ambaye hapatikani popote duniani nje ya eneo hili, huonekana kirahisi hata karibu na makao makuu ya hifadhi. Kima wa Sanje, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, anataka subira. Lipo kundi lililozoeshwa watu, lakini kulifuata kunapaswa kuombwa mapema. Kilele cha Mwanihana, ambacho kijana wako mkubwa huenda akakitamani akikisikia, ni safari ya siku tatu na kilomita 38, kwa hiyo kisubiri likizo.

Jumapili asubuhi fanyeni matembezi mafupi tu hadi maporomoko ya Prince Bernhard, chini ya saa moja kutoka makao makuu, yaliyopewa jina la mwanamfalme wa Uholanzi aliyekuja kuifungua hifadhi. Saa nne muwe barabarani, mkipenda mkiwa na gunia la mchele wa Ifakara, na madereva wapokezane.

Kama tarehe zenu ni za kati ya Machi na Mei, ningeahirisha. Maporomoko huwa makubwa wakati huo, lakini mizizi na udongo huteleza, na mwongozaji mwenye busara anaweza kuwageuza katikati ya njia. Juni hadi Oktoba njia ni kavu, na maji ya Sanje bado yanashuka.