Usiuze mashine kwa ajili ya kozi ya 6G

Mkuu, usilipe. Umeandika una mashine yako ya kuchomelea mageti, unataka kuiuza upate 1,400,000 ya kozi ya wiki sita ya 6G, yaani kuchomelea bomba lililoinama lisilogeuzwa, uwahi ajira za gesi Lindi, ukaulizia na chumba cha kupanga huko. Mashine hiyo isitoke kwako.

Mimi niliuza yangu 2022 nilipie kozi kama hiyo, habari za bomba la mafuta la Hoima hadi Chongoleani zilipopamba moto. Kilomita 1,443, na Tanga nzima inasema wachomeleaji hawatoshi. Kweli hawakutosha, ila waliokosekana ni wa 6G, siyo sisi wa mageti. Mwenye chuo akaniapia nikimaliza kwake nimeshakuwa 6G. Tulikuwa wanafunzi 40, mashine 3. Wiki sita nzima nilishika moto kama saa tisa, tena kwenye vyuma chakavu. Bomba tuliliona ubaoni, limechorwa kwa chaki.

Siku ya mtihani wa mkandarasi nikakuta bomba limefungwa, limeinama nyuzi 45, haligeuki. Unayezunguka ni wewe: unaanzia chini cheche zikikudondokea shingoni, unapanda ubavuni, unamalizia juu. Mshono wa kwanza, ule wa ndani kabisa, upenye bila kutoboa. Wangu kwa nje uling'aa. Msimamizi akakata vipande, akavipinda kwenye mashine. Cha pili kikapasuka kama ganda la kunde kavu. Hakusema neno, akaita namba inayofuata. Cheti changu hata hakukiomba.

Yule mwenye chuo alijua. Alijua mkono wa 6G unataka miezi ya kuchoma vijiti vya kuchomelea kila siku, na bado akapokea mtaji wangu akauhesabu mbele yangu. Sijamsamehe.

Nenda karakanani kwa hao wanaokuuzia kozi siku ya kazi, bila kuwaarifu. Hesabu mashine, hesabu vichwa. Uliza bomba liko wapi, mwanafunzi anapewa vijiti vingapi kwa siku, vipande vilivyopindwa vya waliokutangulia viko wapi. Wakikuonyesha vyeti ukutani, ondoka. Kama mkono wa mtaani unao, VETA, mamlaka ya ufundi stadi, wana urasimishaji wa ujuzi. Wanakupima kwa kile unachokiweza tayari. Anzia hapo huku mageti yakikulisha.

Halafu huo mradi wa gesi wa Lindi wenyewe, wa Likong'o, mazungumzo yake yamepita miaka kumi. Haukukimbii. Mashine umeshaitangaza? Futa hilo tangazo leo.