Nikiona Nyoka Roho Inanitoka: Je, Ndiyo Kukata Tamaa?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, na tangu utotoni nikiona nyoka roho inanitoka. Si nyoka wa kweli tu. Hata picha yake kwenye kitabu cha mwanangu naifunika kwa kiganja, na kamba ikiwa imelala chini gizani naruka. Mume wangu anasema hofu hii ni sehemu ya tabia yangu, kwamba mimi kila jambo naliona litaharibika: safari, mtihani, hata ujauzito wa mdogo wangu. Yeye ni mtu wa matumaini. Sasa binti yetu wa miaka minne naye ameanza kupiga kelele akiona picha ile. Je, ni tabia moja kweli? Na inatibika? *Mama wa binti mmoja*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mumeo nampinga mapema. Kuogopa nyoka na kutarajia mabaya ni mambo mawili, na nayajua kwa sababu ninalo moja tu kati ya hayo.

Mimi ni mtu wa kutarajia mabaya. Simu ikilia usiku wa manane, moyo wangu unakwenda moja kwa moja kwenye msiba. Lakini nyoka nawapenda. Niliwahi kushika gamba zima alilojivua nyoka: limetoka kinyumenyume, upande wa ndani ukiwa nje, kama soksi inavyovuliwa. Nililiinua kwenye mwanga nikaona magamba mapana ya tumboni yamepangana, na pale kwenye jicho kuna kifuniko kidogo cha duara, kinang'aa. Nyoka hana kope za kufumba. Jicho lake limefunikwa na gamba angavu, nalo huvuliwa pamoja na ngozi. Nililishika muda mrefu sana, na mwili wangu ulikuwa umetulia kabisa. Usiku uleule nilikosa usingizi kwa wasiwasi wa jambo jingine.

Hofu yako ina njia yake ya kuingia. Miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Marekani, Susan Mineka, na wenzake walichunguza kima. Waliozaliwa porini waliwaogopa nyoka. Waliolelewa maabara hawakuwaogopa. Lakini hawa wa maabara walipowatazama wenzao wakitishwa na nyoka, nao wakaogopa, tena upesi. Kisha kima wengine wa maabara wakaonyeshwa video iliyounganishwa ili kima aonekane anatishwa na maua. Maua hawakuyaogopa. Yaani akili ya kima iko tayari kupokea somo la nyoka kuliko somo la ua, ila somo lenyewe analichukua kwa mwenzake. Sitashangaa ikiwa binti yako amelichukua usoni kwako. Usijilaumu, huenda nawe ulilipokea hivyohivyo kwa mtu mzima fulani.

Kutibika, inatibika. Mwaka 1969 Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford alichapisha matokeo ya kazi yake na watu waliotetemeka kama wewe. Kwanza walimtazama mtu mwingine akimshika nyoka, kisha wakasogea, wakamgusa wakiwa na glavu, mwishowe kwa mkono mtupu, na mtu aliyewaongoza yuko kando yao. Wengi walipona kwa saa chache. Ninachokipenda zaidi ni kilichofuata: baadhi yao walimweleza kuwa wamepata ujasiri hata katika mambo yasiyohusu nyoka kabisa. Hapo ndipo hofu yako na tabia anayoisema mumeo zinapokutana. Aliyejiona akifanya alichodhani hakiwezekani huanza kuitazama kesho kwa jicho jingine.

Anza na kile kitabu. Ondoa kiganja. Itazame picha mpaka moyo upunguze mbio, usifunge ukurasa kabla ya hapo. Picha ikizoeleka, nenda kwenye video, ukiwa na mtu unayemwamini. Ikiwa hofu inakuzuia hata kutoka nje, tafuta mtaalamu wa saikolojia akuongoze. Mtoto mfundishe kwa sauti tulivu: ukiona nyoka simama, rudi nyuma polepole, mwite mtu mzima.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi husema nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, kwa hiyo tupunguze woga. Kaka yangu anasema matumaini yangu yatanizika. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Hesabu yako ni sawa: kati ya aina takriban 4,000 za nyoka, zenye sumu ni kama 600. Lakini msikilize kaka yako. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na wanaokatwa viungo au kubaki na ulemavu wa kudumu ni karibu mara tatu ya hao. Wengi ni wakulima na watoto wa vijijini. Jambo hili linaniuma, kwa sababu dawa ipo. Albert Calmette wa Ufaransa alitengeneza seramu ya sumu ya nyoka tangu miaka ya 1890, na bado leo mtu anapoteza maisha kwa kukosa chupa chache. Mwaka 2019 shirika hilo liliweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo 2030. Matumaini yako yaelekeze huko, uwadai viongozi wako dawa hiyo.

Na mtu akiumwa: atulie, avuliwe pete na saa, kiungo kilichoumwa kisitikisike, apelekwe hospitali haraka. Msichanje, msinyonye jeraha, msikaze kamba.

SWALI: Shangazi, hakuna nyoka hata mmoja unayemwogopa?

JIBU: Yupo, kifutu. Wengine wakisikia mtikisiko wa hatua hukimbia. Yeye hutegemea rangi zake, analala kimya katikati ya majani makavu mpaka umkanyage. Kwa ajili yake sitoki usiku bila tochi na viatu vya kufunika mguu.